Kwa Nini Prosesa Huamka na Kasi Isiyo Yake

Leo naomba tuweke kando uandikaji wa programu, turudi kidogo kwenye historia ya kompyuta. Nina deni kwa fundi mmoja, na deni lenyewe lilianzia kwenye nambari moja iliyotokea kwenye skrini: 1100.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta kumi na mbili, zote mitumba, tulizopewa na wafadhili baada ya kutumika ng'ambo miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na prosesa za AMD Athlon XP 2500+. Mimi nilijiona bingwa wa darasa, na nilikuwa nimekariri kwamba kasi ya prosesa hiyo ni megahezi 1833. Likizo ya Agosti, fundi aliyetutunzia mashine alizichomoa zote kwenye umeme, akazifungua na kuzipuliza vumbi, kisha akaziacha hivyo hadi shule ilipofunguliwa. Tuliporudi, nane ziliwaka kama kawaida. Nne zilitoa ujumbe fulani wa Kiingereza uliotutaka tubonyeze F1. Tukabonyeza. Kisha zikaandika: 1100 MHz.

Nikapiga hesabu ubaoni mbele ya mwalimu. 1833 toa 1100 ni 733. Megahezi 733 zimekwenda wapi? Nikajijibu mwenyewe: fundi ameng'oa prosesa nzuri akaweka za bei rahisi. Mwalimu akaniongezea nguvu: "Kwani jina lake si 2500? Basi tumeibiwa zaidi ya nusu!" Fundi akaitwa. Akasema, "Mwalimu, hizo ni betri. Nimeziomba tangu muhula wa kwanza." Nani angemsikiliza? Nambari ilikuwa pale kwenye skrini, na nambari haidanganyi. Muhula uliofuata fundi hakuonekana tena shuleni.

Nambari ile kweli haikudanganya. Ila haikusema kile nilichodhani inasema. Ili tuelewane, itabidi turudi hadi mwaka 1981.

Prosesa haina mdundo wake

Umewahi kuona watu wakivuta jahazi kulipandisha ufukoni? Mmoja anaimba, wengine wanavuta kwa pamoja kila anapofika mahali fulani pa wimbo. Akiharakisha, wanaharakisha. Akipunguza, wanapunguza. Prosesa ndiyo hao wavutaji. Mwimbaji yuko nje yake, kwenye ubao mama: ni kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa masafa maalumu pindi kinapopata umeme. Kasi iliyoandikwa mgongoni mwa prosesa ni kiwango ambacho kiwanda kimeipima na kuihakikishia kazi bila makosa. Mdundo wenyewe hutoka nje, na anayeupanga anaweza kukosea.

IBM ilitangaza PC yake ya kwanza tarehe 12 Agosti 1981. Ndani mlikuwa na Intel 8088, chipu iliyohakikishiwa kufanya kazi kwa megahezi 5. Lakini PC ilikwenda kwa megahezi 4.77. Kwa nini nambari ya ajabu namna hiyo? Kwa sababu ya televisheni! Wahandisi waliweka fuwele moja ya megahezi 14.31818. Ukiigawanya kwa 4 unapata megahezi 3.58, masafa ya rangi katika televisheni za Marekani, na hilo liliwarahisishia kuunganisha kompyuta na skrini za aina hiyo. Ukiigawanya kwa 3 unapata 4.77, ikapewa prosesa. Fuwele moja ikafanya kazi mbili, gharama ikapungua. Kwa hiyo hata PC ya kwanza kabisa iliamka na kasi isiyo yake, na ilikuwa hivyo kwa makusudi.

Mwaka 1984 ikaja IBM PC AT yenye prosesa ya 80286, ikienda kwa megahezi 6. Fuwele yake ilikuwa ya megahezi 12, ikigawanywa kwa 2. Wajanja wakagundua kwamba ukiichomoa na kuweka ya megahezi 16, mashine inakwenda kwa megahezi 8, na mara nyingi inavumilia. IBM haikufurahi. Katika BIOS iliyotoa baadaye iliweka kipimo cha kasi, ili mashine iliyoharakishwa ikatae kuwaka.

AT ilileta kitu kingine, na hicho ndicho naomba ukiweke akilini. Ilikuwa na chipu ya saa kutoka Motorola, MC146818, yenye baiti 64 tu za kumbukumbu ya aina ya CMOS. Baiti 14 zilikuwa za saa, tarehe na udhibiti wake. Zilizobaki 50 zilihifadhi mipangilio ya mashine: ina diski gani, ina kumbukumbu kiasi gani. Mashine ikizimwa, betri ndogo ilizilinda baiti hizo zisifutike. Saa na mipangilio vikawa vinakaa nyumba moja na kula chungu kimoja. Betri ikifa, vyote viwili vinapotea.

Kitufe cha turbo na nambari za mapambo

Kampuni zilizoiga PC ya IBM zilitaka kuipita, zikatoa mashine za megahezi 8, 10 na zaidi. Tatizo likawa michezo na programu za zamani, kwani baadhi yake zilipima muda kwa kuhesabu hatua za prosesa ya 4.77. Kwenye mashine ya kasi, gari la mchezo lilikuwa linapita kabla hujaliona. Dawa ikawa kitufe kilichoandikwa "turbo". Jina lilivutia wanunuzi, lakini kazi yake halisi ilikuwa kuipunguzia mashine kasi ili programu za zamani ziweze kuchezeka.

Kasha nyingi za enzi hizo zilikuwa pia na nambari za kuwaka usoni: 33, 66 na kadhalika. Wengi waliamini ni kipimo, kama kile cha mwendo kwenye gari. Sivyo. Nambari ile ilipangwa kwa mkono na aliyeunganisha mashine, kwa kutumia vijiti vidogo vya jampa nyuma ya kioo. Akitaka iandike 99, inaandika 99. Haikupima chochote.

Kizidishi chaingia

Mwaka 1992 Intel ilitoa 486DX2. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa matamu. Prosesa zilikuwa zimeanza kuukimbia ubao mama, kwa sababu kupeleka umeme kwenye nyaya ndefu za ubao kwa kasi kubwa ni kazi ngumu kuliko ndani ya chipu ndogo. Suluhisho likawa kuuacha ubao uende kwa megahezi 33, na prosesa izidishe mdundo huo kwa 2 ndani yake yenyewe, ifike 66. Mwaka 1994 ikaja DX4, na usidanganywe na jina, kwani hiyo ilizidisha kwa 3.

Tangu hapo kasi ya prosesa haikuwa tena nambari moja. Ilikuwa jawabu la hesabu: mdundo wa ubao mara kizidishi. Pentium ya megahezi 90 ilikuwa 60 mara 1.5. Pentium ya 133 ilikuwa 66 mara 2. Nambari zote mbili zilipangwa kwa jampa, kwa kufuata jedwali dogo la kwenye kitabu cha ubao. Jampa moja ikikaa pasipo pake, prosesa ya 133 inaamka ikiwa 100 na kufanya kazi siku nzima bila kulalamika.

Palipo na nambari inayobadilika, walaghai hawakosekani. Katika miaka ya 1990 wako waliofuta maandishi ya prosesa na kuchapa kasi kubwa zaidi, kisha wakaiuza kwa bei ya juu. Kwa kuwa ubao ulitii jampa, mnunuzi aliona kwenye skrini kile alichoahidiwa, hadi mashine ilipoanza kuzimika kwa joto. Mwishoni mwa miaka hiyo Intel ikafunga kizidishi ndani ya prosesa ili kisibadilishwe. Ila mdundo wa ubao ulibaki wazi. Mwaka 1998 wapenzi wa kasi walinunua Celeron 300A, ambayo ni 66 mara 4.5, wakauweka ubao kwenye 100, na wengi wakapata megahezi 450 kwa bei ya 300.

Basi wizi wa prosesa na ughushi wa nambari vimekuwepo kweli. Tuhuma yangu haikutoka hewani. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuaminika.

Vita vya megahezi

Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitoa Athlon ya gigahezi 1. Siku mbili baadaye Intel nayo ikatangaza Pentium III ya gigahezi 1. Mbio zikawa kali hivi kwamba Agosti mwaka huohuo Intel ililazimika kuondoa sokoni Pentium III ya gigahezi 1.13, baada ya waandishi wa tovuti za kompyuta kuonyesha kwamba haikuwa imara. Novemba ikaja Pentium 4. Hii iliundwa ifikie megahezi nyingi, japokuwa katika kila mdundo ilifanya kazi kidogo kuliko mpinzani wake.

AMD ikawa na shida ya muuzaji ambaye kilo yake ni nzito kuliko ya jirani, lakini wateja wanatazama idadi ya mafungu tu. Oktoba 2001 ikatoa Athlon XP na kuacha kuziita prosesa zake kwa megahezi. Athlon XP 1500+ ilikwenda kwa megahezi 1333. AMD ilisema jina lile linailinganisha na Athlon za awali, ila karibu kila mnunuzi alilisoma kama "sawa na Pentium 4 ya 1500". Haikuwa mbinu ngeni. Mwaka 1996 Cyrix iliuza 6x86 yenye jina la P166+ iliyokwenda kwa megahezi 133.

Februari 2003 ikaja ile iliyotukosanisha mimi na fundi: Athlon XP 2500+ ya kizazi kilichoitwa Barton. Jina lake ni 2500. Kasi yake ni 1833. Mdundo wa ubao ni 166, ingawa kwenye karatasi waliandika 333 kwa sababu data hupita mara mbili katika kila mdundo. Kizidishi ni 11. Nambari tano kwa prosesa moja! Mwalimu wangu alishika moja, mimi nikashika nyingine, na sote tukajiona tumejua.

Sasa fuata hesabu hii:

166.67 mara 11 ni 1833.
100 mara 11 ni 1100.

Kizidishi ni kilekile. Kilichobadilika ni mwimbaji.

Kilichotokea katika maabara yetu

Mbao mama nyingi za enzi za Athlon XP ziliweka mdundo kwenye mipangilio ya BIOS, na mipangilio hiyo ilikaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri, uzao wa zile baiti za mwaka 1984. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, umeme mdogo unaoingia hata ikiwa imezimwa huisaidia kumbukumbu hiyo, kwa hiyo betri iliyochoka inaweza isijulikane kwa miezi. Fundi alipozichomoa mashine kwa likizo nzima, betri zilibaki peke yake. Nane ziliweza. Nne zikashindwa.

Mashine nne zilipowaka ziligundua kumbukumbu imeharibika. Ule ujumbe wa F1 ulisema hivyo waziwazi: hesabu ya CMOS hailingani, mipangilio ya mwanzo imerudishwa. Na mipangilio ya mwanzo ilikuwa mdundo wa 100, kiwango salama ambacho hata prosesa ya polepole ya familia ile ingekiweza. Ubao haukujua una prosesa gani, ukachagua kutoichoma. Huo ni uamuzi wa busara. Sisi tukauita wizi.

Na ushahidi ulikuwepo! Insha niliyoandika Septemba 2014 kwenye mojawapo ya mashine zile ilihifadhiwa kwa tarehe ya Januari 2003. Nilicheka na kuwaonyesha wenzangu. Saa na mipangilio hukaa nyumba moja, lakini sikujua. Tena, kila mashine ilipowaka iliandika ukubwa wa kache ya prosesa: kilobaiti 512. Ni kweli iliwahi kuwepo Athlon ya zamani ya megahezi 1100, nayo pia ilikuwa 11 mara 100. Ila kache yake ilikuwa kilobaiti 256. Jampa haiwezi kubadili kache, wala BIOS haiwezi. Mstari huo mmoja ungemwokoa fundi, na ulikuwa sentimita chache chini ya nambari niliyokuwa nikiinyoshea kidole.

Ikikutokea wewe

Mashine za aina hiyo bado zipo kwenye stoo za shule na ofisi nyingi. Ukikuta prosesa imeamka na kasi ngeni, fuata utaratibu huu:

1. Soma ujumbe wa kwanza kabla ya kubonyeza kitufe chochote.
2. Tazama saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, mshukiwa wa kwanza ni betri.
3. Gawanya kasi unayoiona kwa 100, na kasi unayoitarajia kwa 133, 166 au 200, kulingana na prosesa. Ukipata kizidishi kilekile, yaelekea prosesa ni ileile na mdundo ndio uliobadilika.
4. Hakikisha kwa kitu kisichopangwa na mtu, kama ukubwa wa kache.
5. Chomoa mashine kwenye umeme, weka betri mpya (nyingi hutumia CR2032 ya volti 3), kisha ingia kwenye BIOS na urudishe mdundo sahihi.

Kwenye mashine za siku hizi hali ni tofauti. Mwaka 2000 Intel ilileta SpeedStep kwa vipakatalishi, na mwaka 2003 AMD ikaja na Cool'n'Quiet kwenye Athlon 64, ili prosesa ijipunguze yenyewe isipokuwa na kazi. Mbio za megahezi nazo zilifika ukingoni. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake wa wakati huo, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja, nusu utani, kuomba radhi. Mwaka 2008 ikaja Turbo Boost, na safari hii neno "turbo" likamaanisha kuongeza kweli. Kwa hiyo ukiona gigahezi 0.8 kwenye kipakatalishi chako kikiwa kimetulia, hakuna aliyekuibia. Kipe kazi nzito, kisha utazame tena. Ikiwa haipandi hata hivyo, angalia joto na chaja, maana baadhi ya vipakatalishi hujibana visipoitambua chaja.

Deni

Nilikuja kuujua ukweli nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Rafiki aliniletea kompyuta ya zamani, Athlon XP 2500+ kama zile zetu, ikiwa na saa ya mwaka 2003 na kasi ya 1100. Nikabadilisha betri, nikaweka 166 kwenye BIOS, nikaiwasha. 1833. Rafiki yangu akapiga makofi. Mimi nilikaa chini.

Nilimtafuta fundi likizo iliyofuata. Alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza yote: mdundo, kizidishi, kache. Alinisikiliza huku akiendelea kufungua simu ya mtu. Bila shaka alikuwa akiyajua hayo kabla sijazaliwa kwenye fani hii. Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na zile betri, walinunua?"

Hawakununua. Mashine nne zile zilibaki na 1100 hadi zilipouzwa kama vyuma chakavu.